Paja Likiuma, Lisome Kabla ya Kulikanda

Mtu akiingia kliniki jijini Nairobi na kusema kwamba ana mshipa wa paja, anayemsikiliza bado hajaambiwa lolote. Katika Kiswahili chetu neno mshipa limebebeshwa mzigo mzito: ndilo jina la njia ya damu, ndilo jina la uzi wa fahamu unaotoka kwenye uti wa mgongo, ndilo jina la utepe unaofunga msuli kwenye mfupa, na kwa wazee wengi ndilo jina la ngiri. Vitu hivyo vinne vyote hupita pajani au kando yake, kila kimoja huuma kwa namna yake, na tiba inayokifaa kimoja yaweza kukidhuru kingine. Msuli uliokakamaa hutulia ukikandwa, lakini damu iliyoganda ndani kabisa ya paja ikikandwa inaweza kumeguka na kusafiri hadi mapafuni.

Ndiyo maana mimi huwaomba watu waiweke kando dawa ya kuchua na kitambaa cha maji ya moto kwa nusu saa hivi, walitazame kwanza paja lenyewe. Katika nusu saa hiyo mtu anaweza kujua linauma wapi hasa, linauma kwa namna gani, na linauma anapofanya nini. Mwenye majibu hayo mara nyingi huwa amekikaribia chanzo kuliko mwenye picha ya eksirei mkononi, kwa kuwa eksirei huonyesha mfupa vizuri lakini huficha mengi ya yale yanayoumia zaidi. Ili utata ule usiturudie, humu nitaita uzi wa fahamu neva, njia ya damu itokayo moyoni ateri, njia ya damu irudiyo moyoni vena, na utepe unaofunga msuli kwenye mfupa kano. Mshipa tuuache upumzike.

Mfupa, na mahali kiungo cha nyonga kilipo

Keti ukingoni mwa kitanda mahali penye mwanga, mapaja yote mawili yakiwa wazi. Ndani ya paja mna mfupa mmoja tu, fupaja, ambao ni mrefu na imara kuliko mfupa mwingine wowote mwilini. Urefu wake hukaribia robo ya kimo cha mtu, hivyo mwenye kimo cha sentimita 170 huwa na fupaja la sentimita 45 hivi. Kwa juu, fupaja huishia katika kichwa cha mviringo kilichoingia ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga, na kati ya kichwa hicho na mwili wa mfupa pana shingo nyembamba iliyoinama, ile inayovunjika wazee wanapoteleza bafuni.

Sasa simama, bandika kiganja upande wa nje wa nyonga, kisha uzungushe mguu taratibu ukiegemea kisigino. Utahisi nundu ngumu ya mfupa ikiviringika chini ya ngozi. Karibu kila mtu huigusa nundu hiyo anapotaka kuonyesha kiungo cha nyonga, na upotevu mwingi huanzia hapo, kwani kiungo chenyewe kimejificha ndani zaidi, nyuma ya mkunjo wa kinena. Maumivu ya kiungo husikika kinenani na mbele ya paja, wakati mwingine hadi gotini. Maumivu ya juu ya nundu aghalabu ni ya kano za misuli ya makalio zinazoshikamana pale, nayo humwandama zaidi mwanamke wa makamo, ambaye hulalamika kwamba hawezi kulalia upande huo usiku. Wagonjwa hao wawili watasema kwamba nyonga inawauma, na wote watakuwa wamesema kweli, ila matibabu yao hayafanani hata kidogo. Mkanganyiko huzidi kwa kuwa wakazi wengi wa jiji huita nyonga kiuno, na kiuno mgongo.

Pande nne za paja

Ukiwa umeketi, nyosha goti na ulikaze. Nyama inayotuna mbele ni misuli minne, ambayo madaktari huiita kwa jina moja kwadrisepsi, na yote huungana juu ya pia ya goti kisha hushuka kwa kano moja nene hadi kwenye muundi. Kazi yake inayojulikana ni kunyosha goti. Kazi yake isiyotajwa sana ni kuushikilia mwili usianguke mtu anaposhuka ngazi. Anayeishi orofa ya saba kule Pipeline, katika jengo lisilo na lifti, akishinda Jumamosi akipanda na kushuka na mitungi ya maji, atayasikia maumivu ya misuli hii Jumapili na Jumatatu zaidi ya siku yenyewe. Msuli unaofanya kazi huku ukirefushwa, kama inavyokuwa katika kushuka, hupata michubuko midogo sana ndani yake, na maumivu hufika kileleni kati ya saa 24 na saa 72 baadaye. Huo si ugonjwa. Mapaja yote mawili huuma sawasawa, huwa mazito mtu anapoinuka kitini, na hupona bila dawa kabla ya juma kwisha.

Mmoja kati ya misuli hiyo minne huanzia juu ya kiungo cha nyonga badala ya kuanzia kwenye fupaja, kwa hiyo huinua paja na pia hunyosha goti. Kwa kuwa umevuka viungo viwili, ndio unaochanika kijana anapopiga shuti la nguvu katika uwanja wa vumbi asubuhi na mapema kabla mwili haujapata joto. Juu yake, kama mkanda uliovaliwa mshazari, hupita msuli mwingine mwembamba kutoka ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga hadi upande wa ndani wa goti. Huo ndio mrefu kuliko misuli yote mwilini, nao ulipewa jina la Kilatini la fundi wa nguo, kwa sababu husaidia kukunja miguu kwa namna mafundi wa zamani walivyoketi wakishona. Mafundi wa Gikomba huketi kwenye viti mbele ya cherehani, na sijapata kumwona hata mmoja aliyeletwa kwangu na msuli huo.

Upande wa ndani wa paja una misuli inayovuta mguu kuelekea mwenzake, inayoanzia kwenye mfupa wa kinena. Tanua miguu kidogo uguse pale paja linapokutana na mwili: kamba ngumu inayojitokeza ni kano ya mmoja wao. Mchezaji anayegeuka ghafla, au mpita njia anayeteleza kwenye matope ya masika mguu mmoja ukaenda kusini na mwingine kaskazini, huumia hapo. Lakini kinena ni njia panda, na si kila kinachouma pale ni msuli. Katikati ya mkunjo wake utahisi mapigo ya ateri kuu ya mguu, na vena kuu imelala kando yake kwa ndani. Uvimbe laini unaotokeza ukikohoa na kurudi ukilala huenda ukawa ngiri. Vinundu vigumu vyenye maumivu huwa mtoki, na mwenye mtoki aanze kwa kukagua wayo na vidole vya mguu, kwa maana mara nyingi pana kidonda kilichosahauliwa au ukurutu uliochimbika kati ya vidole. Jiwe la figo nalo, likishuka, huweza kutupa maumivu makali kutoka ubavuni hadi kinenani.

Nyuma ya paja mna misuli mitatu, ile inayoitwa hamstringi, ambayo yote huanzia kwenye mfupa tunaoukalia. Kunja goti na upapase nyuma yake: kamba mbili zinazoonekana wazi, moja kila upande, ni miisho ya misuli hiyo. Ikichanika kwa mkimbiaji wa kasi, mwenyewe huhisi kama aliyepigwa jiwe kwa nyuma, na wapo wanaogeuka kumtafuta aliyewapiga. Wakimbiaji wa masafa marefu huumia namna nyingine kabisa, polepole, pale pale juu kwenye mfupa wa kukalia. Kukimbia kwenyewe wanakustahimili, bali kinachowashinda ni kuketi katika kiti kigumu cha matatu kutoka Rongai hadi mjini.

Katikati ya nyuma ya paja hupita neva iliyo nene kuliko zote mwilini, ambayo unene wake hukaribia ule wa kidole. Hutoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo, hupenya chini ya misuli ya makalio, na hushuka hadi karibu na goti ndipo igawanyike. Nitaje hapa jambo linaloniudhi: desturi ya kwenda kuomba sindano ya makalio kwa kila maumivu. Sindano ikidungwa mahali pasipofaa inaweza kuijeruhi neva hiyo, na aliyekuja na maumivu ya siku tatu akaondoka na unyayo usioinuka. Ikiwa ni lazima idungwe kalioni, mahali pake ni robo ya juu upande wa nje.

Upande wa nje wa paja hauna nyama nyingi. Una utando mnene ulionyooka kutoka nyonga hadi chini kidogo ya goti, ambao huwasumbua wakimbiaji, hasa karibu na goti wanapoteremka vilima. Una pia neva ndogo ya ngozi ambayo haina kazi yoyote ya kuendesha msuli, na ambayo hupita chini ya kano ya kinena karibu na ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga. Neva hiyo ikibanwa, eneo linalotosha kiganja upande wa nje wa paja huwaka, huchonyota au hufa ganzi, hata kitambaa cha suruali kikawa kero. Nguvu za mguu hubaki kamili. Wanaopatwa ni walinzi wanaofunga mkanda mzito usiku kucha, wenye suruali za kubana, wajawazito, walioongezeka uzito na wenye kisukari. Hapo mara nyingi tiba ni kulegeza mkanda, na kungoja majuma kadhaa.

Paja linapoumia kwa niaba ya mwingine

Hii ndiyo sehemu ambayo watu hupotezea pesa nyingi zaidi. Paja ni uwanja ambamo maumivu ya jirani huja kusikika, na kulichua paja lenyewe hakuleti nafuu yoyote.

Jirani wa kwanza ni mgongo. Bamba la kati ya pingili za uti likichomoza na kugusa mizizi ya neva, maumivu hushuka. Mzizi wa juu ukiguswa huuma mbele ya paja, wa chini huuma nyuma hadi chini ya goti, na mgongo wenyewe huenda usiume kabisa. Maumivu haya huenda kama mstari, huja na sindano-sindano au ganzi, na huchachamaa mtu anapokohoa, anapopiga chafya au anapoketi kwa muda mrefu katika msongamano wa Barabara ya Thika. Kwa wenye umri mkubwa, njia ya neva mgongoni hupungua upana, na mapaja huwa mazito na kuuma wakitembea, kisha hutulia wakiketi au wakiinama mbele. Wapo wanaogundua kwamba wanaweza kutembea vyema wakiegemea mkokoteni wa dukani. Atulizwaye na kusimama tu, bila kuinama wala kuketi, huenda tatizo lake ni ateri zilizoziba, na akiwa mvuta sigara au mwenye kisukari shaka hiyo huongezeka.

Jirani wa pili ni kiungo cha nyonga. Mtu mzima ambaye huvaa soksi kwa taabu, anayechechemea hatua za kwanza baada ya kuketi, na ambaye maumivu yake yako kinenani na mbele ya paja, apimwe nyonga hata kama anaapa kwamba goti ndilo linaloumwa. Kichwa cha fupaja pia hufa kwa kukosa damu, hasa kwa waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, wanywaji wa pombe kupindukia, na wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Familia zenye asili ya maeneo ya Ziwa Victoria na ya Pwani, ambako selimundu ni ya kawaida zaidi nchini, zisilichukulie kwa wepesi paja la mtoto linalouma kwa ghafla.

Mtoto, kwa jumla, ana sheria zake. Kijana wa kati ya miaka 10 na 16, mara nyingi mnene kidogo, anayechechemea na kulalamika paja au goti, anaweza kuwa na kichwa cha fupaja kinachoteleza taratibu kwenye sehemu laini ambamo mfupa hukulia. Goti lake likipigwa eksirei litaonekana zima, naye atarudishwa shuleni, ilhali kila hatua anayopiga inazidisha kuteleza. Mtoto huyo asitembezwe tena mpaka nyonga zote mbili zipigwe picha. Mdogo zaidi, wa miaka minne hadi minane hivi, anaweza kupatwa na kichwa cha fupaja kukosa damu bila sababu inayojulikana. Na mtoto mwenye homa asiyetaka kukanyaga chini anahitaji hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa usaha ndani ya nyonga huharibu kiungo kwa siku chache tu.

Wa mwisho katika orodha hii ni mkanda wa jeshi, ugonjwa wa virusi ambao huanza kwa kuunguza ngozi ya upande mmoja siku kadhaa kabla ya malengelenge kutokea. Mwenye kuungua kwa namna hiyo aitazame ngozi yake kila asubuhi, kwa kuwa dawa za virusi hufaa zaidi zikianzwa ndani ya siku tatu tangu vipele vitokee.

Majaribio ya kitandani

Yafanyike taratibu, na yaachwe mara maumivu yanapokuwa makali. Aliyeanguka, aliyegongwa, au asiyeweza kuukanyagia mguu asiyajaribu kabisa.

Lala chali. Onyesha maumivu kwa kidole kimoja. Ukiweza kuweka ncha ya kidole mahali pamoja na kusema ni hapa, na ukibonyeza panauma vilevile, inaelekea ni msuli, kano au mfupa wa mahali hapo. Ukilazimika kupitisha kiganja kizima kutoka juu hadi chini, au ukibonyeza kote na usipate panapouma, geuza fikira kwenye mgongo na nyonga.

Kisha jaribu misuli kwa kuipa kazi bila kuiacha isogee. Mtu akushikilie kifundo cha mguu nawe ujaribu kunyosha goti. Ikiuma mbele, ni misuli ya mbele. Kunja goti kidogo, chimbia kisigino kwenye godoro. Ikiuma nyuma, ni hamstringi. Weka ngumi ya mwenzako kati ya magoti, uibane; ikiuma kinenani, ni misuli ya ndani. Msuli ulioumia huuma ukipewa kazi na huuma ukivutwa, na mambo hayo mawili kwa pamoja ni ushahidi mzuri.

Ukiwa bado chali, mwenzako akunje nyonga na goti lako hadi zifanye pembe mraba, kisha auvute unyayo polepole kwenda nje huku goti likibaki mahali pake. Watu hushangaa nikisema kwamba hapo paja linazungushwa kwa ndani, lakini ndivyo. Maumivu ya kinena katika mzunguko huo, au mzunguko uliokwama ukilinganisha na mguu wa pili, huelekeza kwenye kiungo cha nyonga. Mwisho, ainue mguu wako ukiwa umenyooka: kukaza nyuma ya paja ni kawaida kwa wengi wetu, bali maumivu yanayopiga kama umeme hadi chini ya goti kabla mguu haujafika wima huelekeza kwenye mizizi ya neva.

Chukua pia utepe wa kupimia wa fundi. Weka alama sentimita 15 juu ya kila pia ya goti, upime mzunguko wa mapaja yote mawili, halafu upime mashavu ya miguu. Tofauti ya sentimita moja haina maana kubwa. Paja lililokonda zaidi ya hapo huonyesha msuli uliokaa muda mrefu bila kazi au uliokosa neva, na mwenye kisukari ambaye paja lake linakonda huku likiuma sana usiku amwone daktari, kwa kuwa kisukari chenyewe huweza kudhuru neva za pale. Mguu mmoja uliovimba ni habari nyingine, na ndiyo inayofuata.

Maumivu yasiyongoja kesho

Damu kuganda katika vena za ndani humpata zaidi aliyekaa bila kusogea: aliyefanyiwa upasuaji, aliyefungwa plasta, mjamzito, mwanamke katika majuma sita ya kwanza baada ya kujifungua, mwenye saratani, anayetumia vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni, na msafiri wa zaidi ya saa nne asiyenyosha miguu, kama abiria wa basi la usiku kwenda Mombasa anayelala kutoka mwanzo hadi mwisho. Mguu mmoja huvimba, huwa na joto, huwa mzito, na rangi yake hubadilika. Kwa mjamzito mara nyingi ni wa kushoto. Usiuchue, usiukande, usiufunge kwa nguvu. Kipimo chake ni ultrasaundi ya vena, na dawa zake za kuzuia damu kuganda hutolewa na daktari. Akianza kuhema au kifua kikamchoma, ni dharura ya saa hiyo.

Usaha ndani ya msuli ni ugonjwa ambao madaktari wa nchi za joto wameujua kwa muda mrefu, na misuli ya mbele ya paja ni miongoni mwa inayopatwa zaidi. Huletwa sana na bakteria aina ya stafilokoki. Udanganyifu wake ni kwamba katika juma la kwanza au mawili hakuna uvimbe unaobonyea. Paja huwa gumu kama ubao, linauma, na homa ni ndogo, hivyo mgonjwa huambiwa ameteguka. Mwenye paja gumu na homa asipelekwe kukandwa. Huhitaji ultrasaundi, antibayotiki, na mara nyingi kutolewa usaha.

Aliyeanguka na bodaboda, paja likapinda, likavimba au mguu ukawa mfupi, huenda amevunjika fupaja, na kuvunjika huko peke yake kunaweza kumpotezea lita moja au zaidi ya damu ndani ya paja bila tone kuonekana nje. Msimnyanyue kwa mikono na miguu na kumtupa ndani ya gari. Piga 999 au 112, mfunike apate joto, msimpe chakula wala kinywaji, na ikibidi ahamishwe, mguu ulioumia ufungwe pamoja na mzima, blanketi likiwa katikati, kwa leso kadhaa zilizofungwa juu na chini ya mahali palipovunjika.

Ganzi ya sehemu za siri na pembezoni mwake, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, pamoja na maumivu ya mgongo na mapaja, ni hospitali bila kulala. Vivyo hivyo mkojo wa rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi makali au kipigo, kwa maana misuli iliyovunjikavunjika inaziba figo.

Kutunza paja nyumbani

Msuli uliochanika kidogo hutunzwa hivi. Katika siku mbili tatu za kwanza acha kilichouumiza, funga bendeji ya kunyumbuka isiyobana hadi vidole vikafa ganzi, inua mguu uketipo, na weka barafu kwa dakika 15 hadi 20 kila baada ya saa mbili au tatu. Asiye na friji hununua pakiti ya maji yaliyogandishwa dukani, na daima huiviringisha kwa kitambaa ili isiunguze ngozi. Joto huja baadaye, uvimbe ukishatulia. Aliyepigwa dafrau pajani, kwa goti la mchezaji mwenzake au kwa usukani wa pikipiki, asichuliwe kwa nguvu hata kidogo katika siku za mwanzo, kwa sababu damu iliyovia ndani ya msuli uliochokozwa huweza kugeuka kuwa mfupa, na mfupa huo huchukua miezi kutulia.

Baada ya siku hizo usilale tu. Tembea ndani ya mipaka ya maumivu madogo, kisha uimarishe: kukaza paja na kuinua mguu ulionyooka kwa misuli ya mbele, kulala chali na kuinua makalio kwa ile ya nyuma, kubana mto kati ya magoti kwa ile ya ndani. Mchaniko mdogo hupona kwa juma moja hadi matatu, wa kati kwa mwezi mmoja hadi miwili, na ulioukata msuli mzima ni wa miezi, wakati mwingine wa upasuaji. Mkimbiaji wa Karura asirudi mbioni kwa sababu maumivu ya kutembea yameisha. Kwanza aruke kwa mguu mmoja mara kumi bila kuumia. Akiumia kinenani au ndani ya paja kila anaporuka, aache kabisa kukimbia, kwa maana shingo ya fupaja huweza kuwa na ufa wa uchovu ambao eksirei ya majuma mawili matatu ya mwanzo haiuonyeshi.

Paja linalokakamaa ghafla usiku hunyoshwa polepole na kushikiliwa hivyo hadi liachie. Kuhusu dawa, mtu mzima mwenye ini zima asizidishe vidonge vinane vya parasetamoli vya miligramu 500 kwa saa 24, akikumbuka kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Ibuprofeni na diklofenaki zisitumiwe na mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mjamzito, wala anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu, mpaka aulize. Na aliyeanza dawa za kushusha kolesteroli, kisha mapaja yote mawili yakaanza kuuma na kulegea, amweleze aliyemwandikia.

Kwenda kumwona daktari

Maumivu yasiyopungua kwa majuma mawili, yanayoamsha usiku, au yanayofuatana na kukonda na homa za jioni hayafai kusubiri. Kifua kikuu cha uti wa mgongo huweza kushusha usaha kupitia tumboni hadi kinenani, na mgonjwa akaja akishika paja. Anza katika kituo cha afya cha mtaani. Huko ndiko rufaa ya kwenda hospitali za kaunti, kama vile Mbagathi au Mama Lucy Kibaki, inakoandikwa, na kutoka hapo hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ikihitajika.

Beba karatasi yenye tarehe maumivu yalipoanza, ulichokuwa ukifanya, kinachoyazidisha, kinachoyatuliza, dawa zote ulizomeza pamoja na zile za mitishamba, na vipimo vya utepe wa fundi. Vaa kaptura au leso, usije ukaonyesha paja juu ya jinzi. Na ukiulizwa unaumwa nini, usitaje mshipa: weka kidole mahali panapoanza kuuma, ukipitishe polepole hadi panapoishia, kisha useme kama panawaka, panawanga, panakaza au pamekufa ganzi.